Niambatanishe wasifu kwenye maombi ya chuo kikuu? Jibu kwa binti wa Mkinga

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu Tanga mjini, tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), na ninataka kusomea sayansi ya bahari. Ninaomba vyuo vitano vya Marekani, kimoja kikiwa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, vilevile ninaomba Uingereza, na hapa nyumbani sitaacha kuomba. Nina wasifu wa kurasa tatu nilioandikiwa steshenari moja ya Ngamiani kwa shilingi 5,000. Mjomba wangu aliye Dar es Salaam, ambaye amefanya kazi za ofisini miaka mingi, anasema kupeleka maombi bila CV ni sawa na kwenda kuposa mikono mitupu. Rafiki yangu aliyeomba mwaka jana anasema niachane nayo kabisa. Chuo kimoja kati ya hivyo vitano kimeandika kwamba wasifu unaweza kupakiwa kwa hiari. Nimekutumia wasifu wenyewe uuone. Nisamehe kwa makosa ya uandishi, kwani ninaandika kwa simu, niko nyumbani Mkinga namsaidia mama kuanika mwani, na sasa hivi wananiita nikaandike mizani. Nifuate neno la nani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na wasifu wako mara tatu, na kwa kuwa najua unangojea neno moja, nitalitanguliza: wasifu huo ulioandikiwa Ngamiani usiuambatanishe popote. Hata hivyo, rafiki yako naye hajapatia yote, kwa sababu chuo kile chenye nafasi ya hiari kinastahili kufikiriwa peke yake, nami nitakirudia baada ya kukuonyesha jambo ambalo kwangu limekuwa kubwa kuliko swali lenyewe.

Nianze na mjomba, maana alilosema ni kweli, ila ni kweli ya mahali pengine. Katika kutafuta kazi, wasifu ndio ombi. Mwajiri ambaye wengi wetu tunamwandikia hana fomu ya kutuuliza habari zetu moja baada ya nyingine, hivyo karatasi mbili tunazompelekea ndizo zinazosimama badala yetu, na asiyezipeleka hajaomba. Chuo kikuu kinapochagua wanafunzi wa shahada ya kwanza mambo hugeuka. Chuo chenyewe kimekwisha kuandaa fomu, kimeamua kiulize nini, kwa mpangilio gani na kwa urefu gani, ili waombaji wote wapimwe kwa kibaba kimoja. Kampasi ya Los Angeles ya chuo hichohicho cha California imekuwa ikipokea kwa miaka ya karibuni zaidi ya maombi 140,000 ya wanaoanza mwaka wa kwanza. Maafisa udahili wenye kazi ya namna hiyo hawawezi kuhangaika na kila mmoja kwa mtindo wake, na mwombaji aliyepewa kibaba akaja na pishi yake huwaongezea kazi bila ya yeye kuongeza kitu. Fomu uliyopewa ndiyo wasifu wako. Hilo ndilo ningependa mjomba alisikie, na umweleze kwa adabu, kwa kuwa anakutakia mema.

Kwa vyuo vya hapa nyumbani shauri ni fupi. Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo unachokitaka, chini ya taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu, na kinachotazamwa ni matokeo yako ya Baraza la Mitihani: angalau masomo mawili ya ufaulu kamili yanayofikisha pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, kisha masharti ya programu yenyewe juu ya hapo. Hakuna mtu atakayeuliza kama ulikuwa kiranja. Wasifu utakuja kuombwa siku utakapoomba shahada ya uzamili, na huo utakuwa wasifu wa aina nyingine.

Uingereza nako maneno si mengi. Maombi hupitia UCAS, fomu moja kwa vyuo hadi vitano, na fomu hiyo haina mahali pa wasifu. Nafasi yako ya kujieleza ni maelezo binafsi yenye herufi 4,000 kwa jumla, nafasi zikihesabiwa pia, ambayo kuanzia kwa wanaoingia mwaka 2026 yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka somo hilo, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini kingine cha kukuandaa. Swali hilo la tatu ndilo mlango wa yale ambayo ungeyaweka kwenye wasifu, na utaona baadaye ninavyotaka ulijibu. Chuo kikihitaji zaidi kitakuandikia chenyewe.

Marekani ndiko kwenye mjadala, na huko ndiko nitakaa.

Vyuo vyako vinne kati ya vitano unaviomba kwa Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa kwa pamoja na vyuo vingi vya Marekani. Fungua sehemu ya shughuli uihesabu pamoja nami. Ina nafasi kumi. Kila nafasi inataka aina ya shughuli, cheo au wajibu wako kwa herufi zisizozidi 50, jina la kikundi kwa herufi 100, maelezo ya ulichofanya kwa herufi 150, madarasa uliyokuwa ukiifanya, saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Kando yake ipo sehemu ya tuzo yenye nafasi tano. Ipo insha isiyozidi maneno 650, na ipo sehemu ya maelezo ya ziada kwa mwenye jambo lisilokaa kwingine. San Diego, kwa kuwa ni ya mfumo wa California, ina fomu yake: shughuli na tuzo hadi ishirini, kila moja ikielezwa kwa herufi 350, pamoja na maswali manne ya kujieleza unayoyachagua kati ya manane, kila jibu likiwa na maneno yasiyozidi 350. Mfumo huo haupokei wasifu, wala barua za mapendekezo, isipokuwa kampasi ikikuomba yenyewe baadaye. Kwa hiyo kwa San Diego swali limekwisha kabla halijaanza. (Neno la pembeni, kwa sababu sitaki uje ujute: vyuo vya umma vya California havitoi msaada wa fedha unaotokana na hali ya familia kwa wanafunzi wa nje ya nchi. Kaeni na mama na mjomba mlitazame hilo kabla ya kulipa ada ya maombi.)

MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts kulekule Marekani, ambacho wengi hudhani kinasaka waliojaza kurasa kwa kurasa, kina fomu yake, na humo kinaomba shughuli nne tu. Nalitaja hili ingawa hukiombi, kwa sababu linaonyesha vizuri wanachokitafuta: uchague lililo zito kwako, ulieleze sawasawa, uache mengine. Wasifu wa kurasa tatu unaelekea upande mwingine kabisa.

Sasa tuutazame wasifu wako, na nitakuwa mkweli kama ninavyokuwa na wanafunzi ninaokaa nao kwenye baraza yangu Chumbageni.

Ukurasa wa kwanza una picha ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi, namba ya kitambulisho cha taifa, na lengo la kazi linalosema kwamba unataka kufanya kazi katika mazingira yenye ushindani. Wewe una umri wa kidato cha sita na unaomba kusoma. Lengo hilo si lako. Ni la kompyuta ya steshenari, na nimeshaliona neno kwa neno kwenye karatasi za vijana wa Muheza, wa Pangani na wa Korogwe. Dini, ndoa na picha ni mambo ambayo wasifu wa Marekani kwa kawaida hauyaweki, na yanayohitajika kwa utambulisho tayari yameulizwa kwenye fomu. Namba ya kitambulisho, zaidi ya kutohitajika, ni hatari kuisambaza kwenye mafaili yanayopita mikononi mwa watu.

Ukurasa wa pili una shule ulizosoma tangu ya awali, matokeo ya darasa la saba, ya kidato cha pili, cha nne na cha sita, yote yakiwa yale yale yatakayotumwa na shule pamoja na vyeti. Halafu kuna “uzoefu wa uongozi” wenye mistari miwili: kiranja wa taaluma, na katibu wa klabu ya mazingira. Hapo ndipo nilipotegemea kukuona, lakini hukuwepo. Mstari unasema “kiranja wa taaluma, 2023 hadi 2024” kisha kimya. Ulifanya nini? Mliandaa mitihani ya majaribio? Uligawa vitabu? Ulikaa na waliokuwa wakifeli hesabu? Cheo bila ya kazi ni kofia iliyoning'inizwa ukutani.

Ukurasa wa tatu una ujuzi wa kompyuta, lugha, mambo unayopenda ambayo ni kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo, wadhamini watatu na namba zao za simu, kisha tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wako. Wadhamini hawatapigiwa simu na chuo chochote. Kwenye maombi haya kazi yao hufanywa na walimu wanaoandika barua. Kuhusu kubadilishana mawazo, sina la kusema zaidi ya kwamba nimelikuta kwenye wasifu wa karibu kila mwanafunzi niliyewahi kumsaidia, na hakuna aliyeweza kunieleza ni mawazo gani na alibadilishana na nani.

Kisha nikarudi kwenye ujumbe wako, nikaisoma tena sentensi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Umeniomba radhi kwa kuwa unaanika mwani na unaitwa kuandika mizani. Siku ya pili nilikupigia simu nikuulize kuandika mizani ni nini, nawe ukanijibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Kikundi cha mama kina wanawake 14. Mwani ukishakauka unafungwa kwenye magunia, mnunuzi anakuja na mizani yake, na wewe tangu ukiwa kidato cha tatu ndiye unayekaa kando ya mizani na daftari unaporudi likizo, ukiandika jina, kilo na bei, kwa sababu wewe ndiye unayeaminika kwa hesabu. Uliniambia kwamba mnunuzi alikuwa akikata kilo mbili kwa kila gunia kwa ajili ya mchanga na unyevu, jambo mlilokubaliana naye, lakini ulipojumlisha daftari la miezi kadhaa uliona magunia mengine yamekatwa kilo tatu. Ukawapelekea wanawake hesabu, wakakaa na mnunuzi, naye akalipa tofauti. Vilevile uliniambia kwamba mwaka jana kamba za karibu na ufukwe zilioza kabla ya zile za mbele penye maji mengi, nawe ukaanza kuandika kwenye kurasa za nyuma za daftari ni kamba zipi zimeoza na siku zipi jua lilikuwa kali.

Mwanangu, unaomba kusomea sayansi ya bahari.

Hakuna hata neno moja la haya kwenye kurasa zako tatu. Simlaumu sana aliyekuandikia, kwani kiolezo chake hakikuwa na kichwa cha habari cha kazi hiyo, na wewe mwenyewe uliiona kuwa ni kumsaidia mama. Watoto wetu wa pwani wamelelewa wasihesabu kazi ya nyumbani kuwa kazi. Anayekaa dukani kwa bibi kila jioni, anayelea wadogo zake wakati mama yuko shamba la mkonge, anayetengeneza nyavu na baba yake, wote wanakuja kwangu wakisema “mimi sina shughuli, Mwalimu”, halafu wanaandika klabu waliyohudhuria mara tatu. Fomu ya Common App yenyewe, katika orodha ya aina za shughuli, ina aina ya majukumu ya familia na ina aina ya kazi ya malipo. Wameziweka kwa sababu wanazitaka. Asiyeziandika amejipunja, na wasifu hauwezi kumrudishia alichojipunja, maana wasifu nao ameuandika kwa macho yale yale.

Ndiyo maana ninasema swali lako la kuambatanisha au kutoambatanisha ni la pili. La kwanza ni kuijaza nafasi ya kwanza ya shughuli kwa jambo hili, juu ya ukiranja na juu ya klabu, kwani wanakuomba uzipange kwa uzito wake kwako. Herufi 150 ni chache, lakini zinatosha kwa anayejua alilofanya. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, ila hebu tuione kwanza kwa lugha yetu. Ukiandika kwa mtindo wa steshenari utapata hivi: “Nilikuwa mwanachama hai wa kikundi cha mwani na nilishiriki katika shughuli mbalimbali za maendeleo ya jamii.” Msomaji akimaliza hapo hajui kitu. Sasa tuandike kilichotokea: “Natunza daftari la mizani la wanawake 14 wa mwani, napima, naandika kilo, najumlisha malipo. Nilikuta makosa ya hesabu, mnunuzi akalipa tofauti.” Nimezihesabu, ni herufi 144 pamoja na nafasi na nukta. Vitenzi vimebeba mzigo, namba ipo, na mwisho wake pametokea jambo. Habari ya kamba zilizooza usiibane humo. Hiyo ndiyo insha yako, au jibu la swali la tatu la UCAS, au jibu moja la California.

Baada ya hayo ndipo turudi kwa chuo chenye nafasi ya hiari.

Chuo kinapoandika kwamba unaweza kupakia wasifu, maana yake ni hiyo hiyo: unaweza. Hakihesabu kutoupakia kuwa uvivu. Ninachowafanyisha wanafunzi wangu ni hiki. Chapa wasifu kwenye karatasi, weka fomu uliyoijaza kando yake, chukua penseli, na ukate kila mstari wa wasifu ambao tayari umo kwenye fomu, kwenye insha, kwenye cheti cha matokeo au kwenye barua za walimu. Kinachobaki bila kukatwa ndicho kitakachoamua. Nilifanya hivyo kwa wasifu wako wa sasa, na kilichobaki ni picha, dini, kitambulisho, wadhamini na kubadilishana mawazo. Wasifu wa namna hiyo ukiupakia unamfanya msomaji asome mara mbili alichokwisha kukisoma, na mtu aliyechoka huiona karatasi ya pili kama mzigo.

Lakini ukiandika upya, ukurasa mmoja tu, kuna jambo ambalo fomu haitaweza kulibeba na wasifu utaweza: mfululizo wa kazi ya daftari mwaka baada ya mwaka. Kwenye fomu ni mstari mmoja. Kwenye ukurasa unaweza kuonyesha kwamba kidato cha tatu ulikuwa unaandika unachoambiwa, cha nne ukaanza kujumlisha, cha tano ukagundua tofauti ya kilo, cha sita ukaanza kuandika kamba zilizooza na mahali zilipokuwa. Ukuaji huo ni habari mpya. Ukiweza kuuandika hivyo kwa ukweli, upakie kwa chuo hicho kimoja. Ukiona unarudia yale yale kwa maneno marefu zaidi, iache nafasi ikiwa tupu na usiwe na wasiwasi wowote.

Ukiuandika, juu kabisa liwe jina lako, mji, simu na anwani ya barua pepe ya heshima yenye jina lako. Kisha shule na tahasusi kwa mstari mmoja. Kisha shughuli, ya karibuni ikitangulia, kila moja na miaka yake na vitenzi vyake. Uache shule ya msingi. Usitie rangi wala fremu za maua. Uhifadhi kwa PDF, na jina la faili liwe jina lako na neno wasifu kwa Kiingereza, siyo “CV mpya final 3” kama hili ulilonitumia. Vyuo vile vingine vitatu vya Common App ambavyo havina nafasi ya kupakia usivipelekee wasifu kwa barua pepe, wala usiubandike kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Sehemu hiyo ni ya mambo kama ugonjwa uliokukosesha muhula, au shule kutokuwa na maabara kwa mwaka mzima, na msomaji anayekuta humo orodha ya vyeo anaona kwamba mwombaji hakufuata alichoombwa.

Wapo ambao kwao jibu langu lingekuwa tofauti. Kijana aliyepita TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, akaomba idara ya muziki, ngoma au maigizo huenda akaombwa wasifu wa sanaa unaoonyesha walimu wake, ala anazopiga na maonyesho aliyoshiriki, na huo ni sehemu ya ombi kamili. Mtu aliyemaliza kidato cha sita miaka sita iliyopita akafanya kazi bandarini naye ana historia isiyoenea kwenye mistari ya mwanafunzi. Wewe si mmoja wao.

Kuna hatari moja ambayo sikuisikia ikitajwa na mjomba wala na rafiki, nami niliishuhudia. Miaka iliyopita nilimsaidia kijana mmoja ambaye, bila kuniambia, alipakia wasifu aliotengenezewa na mtu mwingine. Kwenye fomu aliandika kwamba alifundisha madrasa saa tatu kwa wiki. Kwenye wasifu zilikuwa saa nane. Kwenye fomu alikuwa mjumbe wa klabu. Kwenye wasifu alikuwa mwenyekiti. Hakuwa amekusudia kudanganya, ila yule mwandishi alimpamba. Chuo kikaandika kuuliza, na kijana akatumia wiki mbili za mashaka akijieleza, na nafasi hakuipata. Siwezi kusema kwa hakika kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Ninachoweza kusema ni kwamba mwisho wa fomu unatia saini kwamba yote ni kweli, na kwamba nafasi inaweza kuondolewa hata baada ya kupokelewa yakigundulika yasiyo ya kweli. Karatasi mbili zinazoeleza maisha ya mtu mmoja zinapotofautiana, msomaji hana njia ya kujua ipi ndiyo ya kweli, hivyo huacha kuziamini zote mbili.

Sasa nikwambie kazi halisi ya wasifu ule mpya wa ukurasa mmoja, hata kama hautapakiwa popote. Upeleke kwa walimu watakaokuandikia barua. Mwalimu wako wa Biolojia anakujua kama mmoja wa wanafunzi wa mikondo kadhaa aliyoifundisha, anakumbuka alama zako na pengine kwamba hukuwa msumbufu. Hajui kabisa habari ya mizani. Mkuu wa shule, ambaye katika shule zetu nyingi ndiye anayebeba kazi ya mshauri kwenye fomu hizi na kujaza taarifa ya shule, ndiye anayekujua kidogo zaidi. Nenda mwenyewe, usitume kwa simu. Mwamkie, mwachie ukurasa huo mezani, mweleze unaomba kusomea nini na lini barua inahitajika, na umpe muda usiopungua wiki tatu. Barua ya mwalimu anayeandika “ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu” inafanana na barua ya kila mwalimu. Ile ya mwalimu anayeandika kwamba mwanafunzi huyu alileta maswali ya chumvi na joto la maji kwa sababu mwani wa mama yake ulikuwa unaoza, hiyo inasomwa mpaka mwisho. Wasifu wako utakuwa umefanya kazi yake ukiwa ndani ya barua ya mtu mwingine.

Pia uwe nao karibu kama chuo kitakupa usaili kwa mtandao. Wasaili wengi ni wahitimu wa zamani ambao hawajaliona faili lako, na wengine huuliza kama una ukurasa wa kujitambulisha. Akiuliza, mtumie, asipouliza, mwachie azungumze nawe.

Limebaki jambo la saa, nalo uliniuliza kwenye simu nikakuahidi kulijibu kwa maandishi. Fomu inataka saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, nawe unasema mwani hauna saa, una bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana. Ni kweli, na ndivyo tutakavyohesabu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi mwandamo, hivyo kwa mwaka ni kama ishirini na nne au ishirini na tano. Lakini wewe wakati wa masomo ulikuwa mjini kwa shangazi yako Makorora, na ulirudi Mkinga likizo tu, kwa hiyo zihesabu zile bamvua ulizokuwepo na si nyingine. Chukua daftari, maana tarehe zimo, uorodheshe siku zenye mwandiko wako. Kila wiki yenye siku zako ni wiki moja. Kisha jumlisha saa za kawaida za wiki moja kama hiyo: kushuka maji yanapotoka, kufunga na kufungua kamba, kupandisha, kuanika, na siku ya mizani. Ukipata wiki kumi kwa mwaka zenye saa kumi na tano, andika kumi na kumi na tano. Usiziongeze kwa kuogopa kwamba ni chache. Namba inayotoka kwenye daftari unaweza kuitetea mbele ya msaili yeyote, na mama anaweza kuitetea pia.

Baada ya hapo nitumie kwanza orodha ya shughuli zako kumi, au saba kama ni saba, pamoja na maelezo ya herufi 150 ya kila moja, na wasifu ufuate baadaye. Kama unataka kuwahi tarehe 1 Novemba kwa chuo chako cha kwanza, nipate orodha hiyo kabla ya mwisho wa Septemba, ili Oktoba yote iwe ya insha na ya walimu. Nipige picha pia ukurasa mmoja wa nyuma wa daftari, ule wenye kamba zilizooza. Nataka kuuona jinsi ulivyouandika siku ile, kabla hatujaanza kuutafsiri kwa Kiingereza.